Mrija Bila Limau

Novemba 9

Mvua ya kwanza imeanguka hapa Bourj Hammoud, Beirut, leo, na umeme ukakatika kabla sijafungua mwavuli. Madam Shoghig, mwenye studio, amewasha betri, akapanda juu ya kiti na kutangaza kwamba katuni yetu lazima ikamilike kabla ya mvua kuisha. Mwezi wa tatu watu wa Nyumba wataalikwa waje kuitazama hapahapa, juu ya duka la viatu, mapazia yamefungwa na mlango umekomewa. Sijui kwa nini alipanda kiti. Wafanyakazi wenyewe tuko wawili tu, mimi na Nibal.

Nyumba ni kule Geitawi ninakoishi. Tuko humo wakimbizi wa Syria, wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na Dalal, aliyezaliwa Homs akaitwa mvulana na akaanza kubisha tangu siku alipojua kusema. Katuni ni visa vyetu vya kweli. Watu walikubali kwa sababu mchoro hautoi sura ya mtu, na ndugu walioachwa nyuma hawatasumbuliwa. Mimi ndiye niliyevikusanya visa hivyo jikoni, kwa hiyo hakuna ajuaye kwamba cha mwisho ni changu.

Ni kifupi. Suweida, kwetu kusini mwa Syria, chumba chenye jiko la kuni, theluji nje. Vijana wawili wanakunywa matteh, yale majani yetu machungu, kwa kibuyu kimoja na mrija mmoja wa chuma. Kwetu anayemimina husugua ncha ya mrija kwa ganda la limau kabla ya kumpa mwingine, hata awe mama yake mzazi. Jioni ile Yamen alikunywa, akajaza tena maji ya moto, akanipa kibuyu bila kuufuta mrija, akinitazama machoni. Nikanywa. Kisha mjomba wake akaingia kuomba kiberiti. Mwezi uleule tulikimbia, kila mtu na njia yake, na tangu hapo sijaisikia sauti yake.

Mimi najua lile lilikuwa zaidi ya busu. Nataka libaki mahali fulani kama lilivyokuwa. Ndiyo maana nalichora.

Novemba 10

Mvua.

Novemba 14

Dalal amekuja studio kujiona. Kisa chake kimechorwa na Nibal, ambaye ni binti wa milimani hapa Lebanon, wa Baaklin, mwenye mkono mzuri na ugonjwa wa kurekebisha vitu. Asubuhi hii amenirekebisha kola ya shati, amerekebisha saa ya ukutani, na amerekebisha jinsi Madam anavyolitamka jina la mama yake Madam mwenyewe.

Alimchora Dalal amekaa dirishani, mvua inanyesha, machozi yanatiririka.

"Huyu ni nani huyu?" Dalal akauliza.

"Ni wewe, mpenzi," Nibal akamjibu, kwa ile sauti ya kumtembelea mgonjwa.

"Mimi! Nimelia lini mimi? Tena dirishani, majirani wanione?"

"Lakini Dalal, si ulifukuzwa nyumbani?"

"Nilifukuzwa, ndiyo. Nikatoka na sahani za harusi za mama, seti nzima, nimezibeba hivi. Mtaa mzima mama ananikimbiza nyuma, na anachotaka ni sahani, wala si mimi! We binti, nilicheka mpaka nikaketi chini. Machozi ya nini? Nichoree sahani!"

Kisha akabeba rundo la vitabu vya Madam na kutembea mbele yetu studio nzima, kiuno huku, vitabu kule, shingo imenyooka. Nibal akachora akikimbia nyuma yake. Nilimwona anacheka kimyakimya, nikashangaa kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpanga kwenye kundi la watu wenye huruma ya kukera.

Novemba 15

Machozi yamefutwa. Sahani ziko kumi na mbili, na kila moja ina maua yake.

Novemba 29

Nimemaliza Yamen. Simwiti hivyo mbele ya watu, namwita "kijana wa kwanza". Sijapata kuchora mikono vizuri hivi maishani mwangu, na nayaandika haya bila haya yoyote.

Desemba 12

Leo tulitazama sehemu zote kwa mpangilio. Madam alileta biskuti.

Kisa changu kikafika. Jiko la kuni, theluji, birika. Kijana wa kwanza ananyonya mrija mpaka sauti ya kukauka isikike, anajaza maji. Nikajikaza kitini. Na hapo, mbele ya macho yangu, mkono wake ukaenda kwenye kisahani, ukachukua ganda la limau, ukasugua ncha ya mrija, ukaizungusha, ukasugua tena, ndipo akatoa kibuyu. Kwa adabu zote. Kama anampa kadhi.

Madam akapiga makofi.

Nibal akanigeukia, uso unang'aa. "Nilikaa jana ulipoondoka. Ulisahau limau, Kinan! Nyie watu wa Suweida mmekaa Beirut mpaka mmekuwa watu wa mjini. Usinishukuru, tuko pamoja."

Michoro yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, na hilo likaniuma zaidi. Katika watu wote wa dunia hii, ni mtu wa milimani tu, aliyelelewa kwenye matteh kama mimi, angeliona pengo lile na kulijaza. Mtu mwingine yeyote angelipita. Nikala biskuti nne mfululizo ili nisiseme neno.

Desemba 13

"Toa limau."

"Sitoi."

Desemba 14

"Nibal, toa limau."

"Mama yangu, Mama Wissam, anakuja kuitazama. Akiona mrija haujafutwa ataondoka hapa viatu mkononi. Atasema wachoraji hawana kwao."

Desemba 15

Hatusemezani. Anarekebisha kola yangu bila kunisemesha.

Desemba 19

Madam Shoghig ametukalisha. "Mimi ni Muarmenia. Nakunywa kahawa, na kila mtu na kikombe chake. Haya mambo yenu ya mate ya watu kwenye bomba moja siyajui. Nani ana haki?"

"Mimi," tukasema wote.

"Nibal, sababu?"

"Ni adabu. Ukitaka watu wajione kwenye katuni, wachore wanavyoishi. Si ndicho ulichotuambia? Sahani za Dalal, je?"

Alikuwa anatetea hasa kile ninachokitetea mimi.

"Kinan, sababu?"

Nikafungua mdomo. Miaka mitatu nimefanya kazi hapa. Wanajua naishi Nyumba, wanajua kwa nini, hakuna aliyewahi kunitazama vibaya. Lakini jina la Yamen sijawahi kulisema kwa sauti mbele ya mtu, na nikaona aibu kubwa, ile ya mtu mzima kuvuliwa shati sokoni.

"Nitasema kesho," nikajibu.

Desemba 20

Sikusema.

Desemba 25

Madam ametupa likizo. Dalal amepika wali wa kuku kwa Nyumba nzima, akauunguza, akatulaumu sisi. Tumecheza muziki mpaka jirani wa chini akapanda kuja kugombana. Akapewa sahani, akabaki.

Januari 8

Theluji imefika mpaka vilima vya juu ya mji, na studio ni barafu. Madam alikwenda kwa daktari wa meno. Nibal akaleta birika lake la umeme na kibuyu, akasema, "Ugomvi ni ugomvi, lakini baridi haimjui mtu."

Akamimina, akanywa lake. Akachukua ganda la limau.

Nikauzuia mkono wake kwa wangu. Sijui ujasiri nilitoa wapi, labda ni baridi.

"Ungenipa bila kufuta ingekuwaje?"

"Ungesema nina adabu za mbuzi."

"Na kama ungenipa bila kufuta, huku unanitazama hivi?"

Nikamtazama. Akaanza kucheka, akaacha. Akaweka limau chini taratibu. Akageuza kichwa kuangalia kompyuta yangu, jiko la kuni, vijana wawili.

"Yesu na manabii wote," akasema. "Kinan. Ni wewe yule?"

"Ni mimi. Na mwingine anaitwa Yamen."

Basi, likatoka. Dari haikuanguka. Nibal akajipiga kofi la paji la uso, kofi la kweli lililoacha alama.

"Nimemchorea limau! Mtu ametoa roho yake, na mimi nikaja na kitambaa kufuta! Nilikaa mpaka mgongo ukauma kukufutia penzi lako!" Akacheka, akalia, akacheka. "Na wewe wiki zote hizi unaniambia 'toa limau, toa limau', kama mgonjwa wa tumbo! Ungesema, kaka yangu!"

Tukafuta michoro yake pamoja, mmoja mmoja. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Nilikuwa nimemwona mtu wa kujipenyeza, kumbe ni mtu asiyeweza kuona kitu kimepinda akakiacha, na nilipomwonyesha ni kipi kilichopinda, alikimbilia kukinyoosha kuliko mimi mwenyewe. Nilimpenda sana mchana ule.

Kisha, akiwa anasuuza kibuyu, akauliza tu, bila ubaya: "Lakini ulijuaje kwamba hakusahau?"

Januari 9

Ulijuaje kwamba hakusahau.

Januari 12

Watu husahau. Mimi nimesahau funguo mara mbili wiki hii. Labda mjomba alikuwa ametuita. Labda malimau yalikuwa yameisha, na hata dukani yalikuwa hayapatikani kwa sababu ya theluji. Alinitazama, ndiyo. Mtu akikupa kitu cha moto lazima akutazame ili usiungue.

Januari 20

Nimemchora farasi wa kisa cha pili na magoti yanayokunjika nyuma. Madam ameniuliza kama nina homa.

Januari 27

Nimemwambia Nibal arudishe limau.

"Ati nini?"

"Rudisha. Umesema mwenyewe watu wanapaswa kujiona walivyo. Kama alisahau, basi nachora uwongo. Nimewaambia watu wa Nyumba kwamba kila kitu humu ni kweli."

"Sirudishi."

"Nibal!"

"Nilikaa mpaka mgongo ukauma kuliweka, nikakaa mpaka mgongo ukauma kulitoa. Muulize mwenyewe aliyefanya."

"Sijui aliko."

Kosa langu ni kwamba Dalal alikuwa mlangoni, amekuja kukagua sahani zake.

Februari 2

Dalal amepata namba ya Yamen. Njia aliyoipitia hataki kuieleza. Anasema tu imepita kwa kinyozi, mtawa na mwanamke mmoja Venezuela. Yamen yuko Argentina, mji wa Cordoba. Watu wa Suweida ni kawaida yetu kwenda huko, babu zetu ndio waliotuletea matteh kutoka kule. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba yuko upande wa pili wa dunia akinywa kitu kilekile.

"Yu hai," Dalal akaniambia, akinishika mashavu yote mawili. "Ana namba, ana simu, ana mkopo wa jokofu. Mpigie."

Februari 4

Sijapiga.

Februari 6

Nimemwandikia. Niliandika kurasa, nikafuta. Niliandika shairi, nikafuta, Mungu nisamehe. Mwisho nikatuma hivi: "Yamen, ni Kinan. Nachora katuni Beirut. Ile siku ya theluji kwa mjomba wako, uliponipa matteh, mrija haukufutwa. Ulisahau?"

Nibal ameusoma akasema nimemwandikia kama polisi.

Februari 7

Hakuna.

Februari 10

Mvua. Hakuna.

Februari 13

Ameuona. Hajajibu.

Februari 18

Madam amesema mwisho wa mwezi kisa changu kifungwe, chenye limau au bila limau. Nilimweleza yote, maana Nibal na Dalal wameshajua. Madam alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mume wangu aliniposa kwa kunitengenezea cherehani," akasema. "Miaka thelathini sikuwa na hakika kama alinitaka mimi au alipenda cherehani. Muulize tena."

Februari 19

Siulizi tena. Nina heshima yangu.

Februari 24

Nilikuwa nanunua mkate mtaa wa Arax, mwavuli umegeuzwa na upepo, simu ikalia. Ujumbe wa sauti. Nikasimama chini ya kibao cha duka la dhahabu, mkate kwapani, nikabonyeza.

Nikaisikia sauti yake. Imenenepa kidogo. Lakini ile Q nzito ya kwetu, inayotoka chini kabisa ya koo, Argentina haijaigusa.

Nimeusikiliza mara nyingi mno kiasi kwamba naweza kuuandika wote:

"Kinan, wewe punda. Nimeuona ujumbe wako nikiwa kwenye tanuri la mkate, nikaunguza mikate yote, bosi akanituma nyumbani. Siku zote hizi natafuta la kusema. Unaniuliza kama nilisahau? Limau lilikuwepo! Lilikuwa kwenye kisahani, mjomba alikuwa amelikata mwenyewe. Nililichukua nikalificha mfukoni ulipogeuka kutia kuni, kwa sababu niliogopa ungelichukua ufute mwenyewe, na mimi ningekufa palepale. Suruali ilinuka limau wiki nzima. Nilivuka mpaka na suruali ile.

"Sasa sikia hili ucheke. Huku Argentina watu wote wanakunywa, na hakuna anayefuta mrija. Hakuna! Wiki ya kwanza kiwandani, dereva akanipa, nikasema moyoni, loo. Kisha fundi umeme. Kisha mama mmoja wa miaka sabini. Nikasema, Yamen, mji mzima umekupenda, utafanyaje?

"Lakini na mimi nina swali langu, na nimekuwa nalo miaka yote hii. Wewe ulikunywa haraka, ukakiweka kibuyu chini, hukusema neno. Mjomba akaingia. Sikujua. Ulikunywa kwa sababu ulielewa, au ulikuwa na kiu tu?"

Mwenye duka la dhahabu alitoka kuniuliza kama nimefiwa. Nikamkumbatia. Mkate ukaanguka kwenye dimbwi, nikauacha.

Februari 25

Nibal ameusikiliza ujumbe mara tatu, Dalal mara saba, akiongeza maoni. Madam alitaka tafsiri ya "wewe punda", ilhali Kiarabu anakijua tangu utoto. Alitaka tu kusikia ikisemwa tena.

Wote wananiuliza nimemjibu nini. Bado sijamjibu. Si kwa kuogopa, naapa. Kila ninachokiandika kinakuwa kidogo.

Machi 3

Tumeongeza mfuko. Sasa kijana wa pili anapogeuka kutia kuni, mkono wa kijana wa kwanza unashuka na ganda la limau na kulisukuma mfukoni mwa suruali. Mkono nimeuchora mimi. Mfuko ameuchora Nibal, na ameuwekea uzi uliolegea kidogo pembeni. Nilipomuuliza uzi huo ni wa nini, akasema kijana anayeishi kwa mjomba lazima awe na uzi uliolegea. Kweli ulikuwepo.

Machi 11

Nimepiga miluzi siku nzima. Madam amenipunguzia kahawa.

Machi 22

Wamekuja! Viti havikutosha, watu wakakaa juu ya masanduku ya muuza viatu, naye mwenyewe akapata kiti cha mbele kwa kuwa masanduku ni yake. Nyumba nzima ilikuja, na jirani wa chini, yule aliyekuja kugombana. Mama Wissam, mama yake Nibal, aliketi katikati ya mstari wa mbele, shela lake jeupe limenyooka, mikono juu ya fimbo. Nilitaka kujificha chooni.

Dalal aliposhuka mtaa na sahani zake, watu walicheka mpaka tukalazimika kusimamisha. Yeye alisimama akainama kuwashukuru watu.

Kisha theluji, jiko la kuni, kibuyu. Kijana wa pili akageuka kutia kuni. Kijana wa kwanza akajaza maji, akanyoosha mkono na mrija.

"Limau!" Mama Wissam akapaza sauti, akigonga fimbo sakafuni. "Huyu mtoto hajafuta!"

"Mama, umepitwa, tazama mfukoni," Nibal akanong'ona.

Ganda lilikuwa bado linachungulia mfukoni. Mama Wissam akaliona. Fimbo ikaacha kugonga. Nikamsikia akivuta pumzi, kisha kicheko kikaanza, chini kabisa, kikapanda mpaka shela likatikisika. Watu wa Suweida walikuwa wameshaelewa, wanacheka chinichini, mmoja analia. Wengine wakawa wanawauliza, "Nini? Nini?" na jibu likapita mstari kwa mstari kwa minong'ono. Kila lilipofika kicheko kililipuka, mpaka likamfikia muuza viatu, aliyesema kwa sauti kubwa, "Ah, kumbe!"

Picha ikaisha kijana wa pili akiwa ameshika mrija mdomoni. Taa zikawaka.

Mama Wissam akageuka na kiti chake chote. "Na huyu wa pili? Amekunywa kwa kuelewa, au ni mjinga tu?"

Madam akatazama dari. Nibal akanitazama mimi, akaacha, kwa heshima, akatazama sakafu. Watu wa Nyumba walikuwa wote pale, watu walionipa visa vyao jikoni bila kujua kwamba na mimi nilikuwa natoa changu.

Nikasimama.

"Alielewa, Mama Wissam," nikasema. "Ni mimi yule."

Akanikagua kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka. Dalal alikuwa ameshaweka mkono mdomoni tayari kupiga vigelegele.

"Na mwenzio anajua kwamba ulielewa?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mwambie yeye!"

Vigelegele vikapigwa. Nikatoka kwenye ngazi, nikafunga mlango nyuma yangu, kelele zote zikabaki ndani. Cordoba ilikuwa bado mchana. Nikabonyeza simu, na safari hii maneno hayakuwa madogo.

"Yamen," nikamwambia, "sikuwa na kiu. Nilikuwa nimeshakunywa birika zima nikikungoja."